SOMO LA WATENDAJI NA WANACHAMA: JE, PIKIPIKI YA CHAMA IFUNGWE KIOO CHA KUKINGA UPEPO?



Pikipiki ni miongoni mwa mali zinazofanya kazi nyingi katika chama cha msingi. Ndiyo impelekayo Katibu benki, na ndiyo impelekayo karani kwenye vituo vya ununuzi wakati wa msimu. Kwa sababu hiyo, kila kifaa kinachofungwa juu yake kinagusa mambo mawili kwa pamoja, yaani usalama wa mtumishi na fedha ya mkulima. Somo hili lahusu kifaa kimoja ambacho vyama kadhaa vimekuwa vikikiulizia: kioo cha kukinga upepo, kile kinachofungwa mbele ya usukani.

Kwanza tusichanganye majina. Vioo vidogo vya pembeni, vya kutazamia nyuma, ni lazima viwepo kwa usalama. Hivyo havimo katika mjadala huu. Kioo cha kukinga upepo ni cha hiari. Kwa kuwa ni cha hiari, kinahitaji sababu.

Katika chama kimoja cha nyanda za juu, Mkutano Mkuu ulikwama kwa muda mrefu juu ya mstari mmoja wa taarifa ya matumizi uliosomeka: "Kioo cha pikipiki." Wanachama walidai kuwa Katibu amejinunulia pambo kwa fedha ya mazao yao. Katibu naye alieleza kwamba kila wiki huondoka alfajiri kwenda benki katika baridi kali, hata vidole vikafa ganzi. Baadhi ya wanachama walikwisha kupendekeza asimamishwe kazi. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema. Kilichokosekana ni hoja iliyoandikwa kabla fedha haijatoka. Wahenga wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na imani ya wanachama kwa mtumishi wao hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Basi na tujifunze namna ya kuijenga hoja hiyo.

1. KAZI YA KIOO NI NINI?

Kioo huugeuza upepo upite juu na pembeni ya mwendeshaji badala ya kumpiga kifuani. Faida hiyo haiwi sawa katika kila mwendo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne, mwendo ukiongezeka mara tatu, nguvu huongezeka mara tisa. Tukichukua mwendo wa kilomita 30 kwa saa kuwa ndio kipimo chetu, hesabu yake ni hii:

Kilomita 30 kwa saa: nguvu 1.
Kilomita 60 kwa saa: nguvu 4.
Kilomita 90 kwa saa: nguvu 9.

Maana yake ni kwamba mtumishi anayekwenda kilomita 30 au 40 kwa saa katika njia ya udongo hana upepo mkubwa wa kukingwa. Yule anayekwenda kilomita 70 au 80 kwa saa katika lami, kwa muda wa saa nzima au zaidi, anaubeba mzigo wa kweli kifuani, shingoni na mikononi. Uchovu wake ni hatari, kwa kuwa mtu aliyechoka huchelewa kuona na huchelewa kushika breki.

Jambo la pili ni baridi. Hewa yenye nyuzi 10 za Selsiasi, mtu akienda kilomita 60 kwa saa, huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 5 hivi. Katika nyanda za juu, hasa kati ya Juni na Agosti, asubuhi za namna hiyo si ngeni. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki sawasawa.

2. HASARA ZAKE

Kila kikinzacho upepo nacho husukumwa na upepo. Upepo wa ubavuni, au ule unaotoka katika lori kubwa linapopishana na pikipiki, hukikamata kioo kipana na kuiyumbisha. Kioo kilichofungwa kwenye usukani huyumbisha usukani wenyewe. Kilichofungwa kwenye fremu hakiugusi usukani moja kwa moja. Kadiri kioo kinavyokuwa kipana na kirefu, ndivyo jambo hili linavyozidi, na pikipiki zetu nyingi za sisi 125 na 150 ni nyepesi. Bila shaka mmewaona wenye bodaboda waliofunga miavuli mikubwa na jinsi inavyovutwa na upepo. Kioo kikubwa mno ni ndugu yake mwavuli huo.

Hasara ya pili ni kuona. Pikipiki haina kifagio cha kufuta maji ya mvua kama gari. Matone, matope na vumbi jekundu hukaa juu ya kioo, na usiku mikwaruzo yake hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja hata barabara isionekane.

Hasara ya tatu ni joto. Katika tambarare na pwani, upepo ndio unaokausha jasho la mwendeshaji. Ukimzibia upepo huo katika mwendo mdogo, umemwongezea taabu.

Aidha, asiahidiwe mtu kwamba kioo kitapunguza matumizi ya petroli. Kioo kikubwa kilichosimama wima chaweza hata kuyaongeza. Hilo lipimwe kwa daftari, kama tutakavyoona.

3. KABLA YA KIOO, YAPO YA KUTANGULIZWA

Wengi husema kwamba upepo wa kifuani huleta homa ya mapafu. Homa ya mapafu husababishwa na vijidudu. Haiingii mwilini kwa kupigwa na upepo. Baridi humchosha na kumtesa mwendeshaji, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumkinga, lakini tusinunue kioo kana kwamba tunanunua dawa.

Waendeshaji wengi hujikinga kwa njia zao wenyewe: huvaa koti nyuma mbele, au huweka kipande cha kadibodi kifuani ndani ya koti. Njia hizi zinatufundisha kwamba kinga ya kifua hupatikana kwa gharama ndogo. Koti zito lisilopitisha upepo na glavu nzuri humkinga mtumishi hata akiwa ameteremka chini ya pikipiki. Tena mikono ndiyo inayoshika breki, na kioo chembamba hakiikingi mikono.

Juu ya yote ni kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kofia yenye kioo chake cha uso hukinga pia macho dhidi ya vumbi, mvua, na kumbikumbi wa jioni za masika. Kioo cha usukani hakiwezi kuchukua nafasi yake. Chama kisichokuwa na kofia ngumu nzima, au chenye pikipiki ya matairi yaliyokwisha na breki dhaifu, kisizungumzie kioo hata kidogo. Fedha hiyo imekwisha kupata kazi.

4. UREFU UNAOFAA

Mwendeshaji anapaswa kutazama juu ya kioo, wala asitazame kupitia ndani yake. Akikaa wima na kofia yake kichwani, ukingo wa juu wa kioo uwe kwenye usawa wa midomo au pua. Ukifika machoni, utaikata barabara katikati ya macho yake. Ukiwa mahali pasipofaa, upepo unaotoka ukingoni hupiga kofia na kuitikisa pamoja na kichwa, na safari huwa mbaya kuliko kutokuwa na kioo.

Pikipiki ya chama mara nyingi huendeshwa na watu wawili au watatu wenye vimo mbalimbali. Kioo kinachomfaa Katibu mrefu huenda kikamziba karani mfupi. Kwa hiyo, kabla ya kununua, kateni kadibodi kwa umbo la kioo, mtu mmoja aishike mahali pake huku pikipiki imesimama, na kila mwendeshaji akae na kutazama. Jaribio hili halina gharama. Ikiwa hakuna kimo kimoja kinachowafaa wote, tafuteni kioo kifupi zaidi au kile kinachopandishwa na kushushwa.

5. AINA NA UTUNZAJI

Kioo cha kawaida cha dirisha kisitumike kamwe, kwa kuwa kikivunjika hukata kama kisu. Vioo vya pikipiki hutengenezwa kwa plastiki ngumu angavu, hasa akriliki na polikaboneti. Akriliki hustahimili mikwaruzo zaidi, lakini hupasuka kwa urahisi ikigongwa. Polikaboneti hustahimili kugongwa, lakini hukwaruzika upesi na huharibiwa na petroli.

Kwa hiyo kioo kisisafishwe kwa petroli wala mafuta ya taa. Kimwagiwe maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, kisha kioshwe kwa sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kufuta vumbi kavu ni sawa na kukipiga msasa.

Fundi akimaliza kufunga, Katibu asitie saini ya kupokea kazi hadi ahakikishe haya: usukani unageuka kushoto na kulia hadi mwisho bila kugusa kioo, waya za breki, klachi na mafuta hazivutwi, mkono wa mafuta hurudi wenyewe ukiachiwa, taa ya mbele na saa ya mwendo hazikuzibwa, na nati zote zimekazwa. Safari ya kwanza iwe uwanjani kwa mwendo wa polepole. Nati zikazwe tena baada ya siku chache, kwa kuwa mitikisiko ya barabara mbovu huzilegeza.

6. MIFANO MIWILI YA HESABU

Tuseme Chama A kiko katika tambarare ya pamba. Daftari la safari la mwezi mmoja laonyesha kilomita 900, na kati ya hizo ni 60 tu zilizokuwa za lami, yaani asilimia 7 hivi. Njia nyingine zote ni za udongo, mwendo ni mdogo na jua ni kali. Chama hiki hakina haja ya kioo. Kinunue kofia yenye kioo cha uso, na fedha itakayobaki iende kwenye matairi.

Tuseme Chama B kiko nyanda za juu, na Katibu wake hutumia barabara ya lami kama ile ya kati ya Makambako na Njombe. Kila wiki huenda na kurudi kilomita 120, hivyo kwa wiki nne ni 480. Safari nyingine za mwezi ni kilomita 620. Jumla ni 1,100, na lami ni asilimia 44 hivi. Mwendo ni mkubwa na asubuhi ni za baridi. Ikiwa kofia, koti na glavu vimekwisha kupatikana, basi kioo kifupi cha kiasi kina sababu.

Chama B kipime pia petroli. Tuseme kabla ya kioo pikipiki ilitumia lita 25 kwa kilomita 1,000, na baada yake lita 27 kwa njia zile zile. Gharama ya kioo basi si bei ya dukani peke yake. Ziongezwe lita 2 kwa kila kilomita 1,000. Bodi ikubali kwa kujua, si kwa kushtukizwa.

7. UTARATIBU WA UAMUZI

Katibu aandike ombi fupi lenye mambo manne: kilomita za lami kwa mwezi kutoka katika daftari la safari, hali ya hewa ya njia hiyo, majina ya waendeshaji na matokeo ya jaribio la kadibodi, na bei kutoka maduka yasiyopungua mawili. Bodi ijadili, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Matumizi yawe yamo katika makisio yaliyopitishwa. Hati ya malipo iseme waziwazi, "Kioo cha kukinga upepo cha pikipiki ya chama", pamoja na namba ya usajili, na stakabadhi iambatishwe. Kifaa kiingizwe katika rejista ya mali, ili Katibu akihama kisihame naye.

Utaratibu huu humkinga mwanachama asiibiwe. Vilevile humkinga mtumishi mwaminifu asidhaniwe mwizi, na kinga hiyo yampasa kuithamini kuliko ile ya upepo.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

(a) Daftari letu la safari laonyesha kilomita ngapi za lami kwa mwezi? Kama daftari halipo, nani ataanza kuliandika, na lini?

(b) Kofia ngumu ya chama ina hali gani leo? Abiria naye anayo?

(c) Mwanachama akisimama katika Mkutano Mkuu na kuuliza sababu ya kifaa chochote kilichofungwa katika pikipiki yetu, tutamsomea kumbukumbu ya kikao gani?