Vocha ya Mbolea: Nani Aliandika Majina?

Wanachuo wenzangu, neno ruzuku tunalisikia kila bajeti inaposomwa Dodoma, halafu tunawaachia watu wa kilimo. Leo tulichambue, maana mfano mzuri uko hapa hapa Kilimanjaro.

Ruzuku ni nini? Serikali inalipa sehemu ya bei, mkulima anamalizia. Kuanzia msimu wa 2008/09 Tanzania ilitumia vocha. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea na mbegu bora za kutosha kama ekari moja. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei. Tuseme mfuko unauzwa sh. 60,000: unampa wakala vocha pamoja na sh. 30,000 taslimu, unabeba mfuko wako, yeye anapeleka vocha benki kudai chake.

Walengwa ni nani? Wakulima wadogo wenye shamba lisilozidi hekta moja, na kipaumbele kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Majina yalipangwa kijijini kwenyewe, na kamati ya vocha, kwa sababu jirani ndiye anayemjua jirani.

Ilikuwaje? Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichunguza vocha za mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro, na matokeo yao yalichapishwa 2012. Karibu asilimia 60 ya vocha zilienda kwa viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile ambavyo pengo la wenye nacho na wasio nacho ni kubwa. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Lakini tusiishie kusema "viongozi wezi" tukafunga daftari. Tuangalie mfumo wenyewe. Mama mjane mwenye kihamba kidogo na shamba la mahindi kule tambarare, asiye na zile 30,000 msimu wa kupanda, vocha itamfaa nini? Kamati inaweza kusema, "Tumpe anayeweza kulipia," na sentensi hiyo inasikika ya busara kabisa. Ila ukiifuata, msaada wa maskini unaishia kwa asiye maskini. Kumbe sharti la nusu bei lilikuwa linachuja watu hata kabla ya upendeleo kuingia.

Mwaka 2022 mbolea ilipopanda bei duniani, Serikali ilirudi na ruzuku ya aina nyingine: mkulima anajiandikisha kijijini, anapata namba kwenye simu, ananunua kwa bei ya punguzo. Hapo hakuna kamati ya kuchagua wachache, na hilo ni jambo jema. Lakini daftari bado lipo, na fedha ya kulipia bado inatoka mfukoni. Asiyeandikishwa hayumo.

Sasa sisi tunaingiaje? Kwa sheria ya serikali za mitaa, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Wengi wetu tutapangiwa kufundisha vijijini, na tutakuwa wakazi kamili. Mkutano ukiitishwa, twende. Tuombe orodha isomwe jina kwa jina, tuulize nani hajaandikishwa na kwa nini. Bibi aliyekaa nyuma kabisa anaweza kuogopa kuuliza. Mwalimu hana sababu ya kuogopa.