RAM Mpya Imegoma? Anza Hapa

Kutoka Mgori hadi Singida mjini ni nauli, kwa hiyo usiende kununua RAM kwa kubahatisha. Chomoa ya zamani uende nayo dukani. Soma kibandiko: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, na hazibadilishani. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina pini 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Yenye herufi R mwishoni, kama PC3-10600R, ni ya seva. Iache.

Imeingia vizuri lakini mashine inalia na skrini ni nyeusi? Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi kuondoa umeme tuli, kisha itoe RAM na usugue pini zake taratibu kwa raba safi, maana vumbi hung'ang'ania hapo. Irudishe, uibonyeze mpaka vibanio vilie “ta!”. Washa ukiwa na RAM moja tu, uijaribu kila nafasi.

Ikigoma kote ilhali ya zamani inawaka, angalia ubao mama. Wenye chipseti ya Intel G41, kwa mfano, mara nyingi hukataa RAM ya GB 4 yenye chipu 8 na kukubali yenye chipu 16. Hesabu chipu hizo pande zote mbili kabla hujalipa.

Na ikiwa GB 8 zimeingia lakini zinazotumika ni 3 na ushei, RAM ni nzima: Windows yako ni ya biti 32. Weka ya biti 64, kama prosesa inaikubali.