Henza na Demani: Maana ya Istilahi Hutokana na Kazi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa henza ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni kamba ya tanga. Akiulizwa kuhusu demani, hutoa jibu lilo hilo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, kwani maana ya istilahi hizi hukamilika pale tu kazi ya kila kamba inapoeleweka.

Katika jahazi, henza ni kamba nene ipandishayo foromali, yaani boriti inayobeba tanga. Hutoka kwenye foromali, hupita kileleni mwa mlingoti, kisha hushuka hadi kwenye gofia. Jarari nayo hupitishwa katika gofia hiyo ili kuwapunguzia mabaharia uzito. Demani, kwa upande wake, hufungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, ikakazwa au kulegezwa kwa mujibu wa upepo. Ndiposa upande wa chombo usiopigwa na upepo huitwa upande wa demani. Aidha, neno hilo hilo hutaja majira ambapo kusi hupungua.

Kazi ndiyo huongoza uteuzi. Henza hubeba uzito mfululizo, hivyo haifai kunyumbuka. Nailoni hunyumbuka mno. Hiyo yafaa nanga. Poliesta hunyumbuka kidogo, nayo yafaa henza. Kamba ya makumbi hustahimili maji ya chumvi, lakini ni dhaifu ikilinganishwa na hizo mbili. Demani hushikwa mikononi kila mara. Yapasa iwe laini, na unene wake uweze kukamatika vyema.

Kamba ikihitaji kitanzi, fundo si suluhisho bora. Fundo huweza kuipunguzia kamba takriban nusu ya nguvu zake, tena hukwama katika kapi. Kusuka kitanzi huhifadhi sehemu kubwa ya nguvu hizo. Kwa kamba ya nyuzi tatu nene, mwisho wake hufumuliwa, kamba ikakunjwa, kisha kila uzi hupitishwa juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, kinyume na mwelekeo wa msokoto. Kwa kamba za mimea, mizunguko 3 yatosha. Nailoni na poliesta huteleza, hivyo huhitaji 5 au zaidi.

Je, haya yamhusu nini msomi wa lugha? Nahodha akiamuru demani ilegezwe, tanga hupunguza upepo na chombo hutulia. Henza ikilegezwa badala yake, foromali huporomoka juu ya mabaharia. Mfasiri aandikaye "legeza kamba" katika amri zote mbili hajarahisisha lugha. Ameondoa tofauti iliyolinda uhai. Kwa hivyo, tunapendekeza kwamba mkusanyaji wa istilahi za ubaharia asiandike jina la kamba pekee, bali aandike pia inafungwa wapi, inavuta nini, na ikiachiliwa hutokea nini.