Dawa ya Chembechembe: Wakati wa Kuitia ni Kabla Funza Hajaingia Shinani

Mkulima, msimu wa mvua ndefu mahindi yakifika magotini, kagua majani machanga. Ukiona matundu madogo yaliyojipanga mistari, funza wa mabua ameingia shambani.

Nondo hutaga mayai kati ya ala ya jani na shina. Funza wakianguliwa hupanda hadi kwenye faneli, yaani pale majani machanga yanapochipukia, na kula hapo kwa siku kadhaa. Kisha hutoboa shina na kujificha ndani.

Dawa ya chembechembe ni sumu kidogo iliyoshikizwa kwenye mchanga au udongo mkavu. Pakiti iliyoandikwa asilimia 0.05 ina nusu gramu tu ya sumu katika kila kilo. Chembe huteremka na kukaa ndani ya faneli, na funza anayekula hapo hukutana nayo. Akishaingia shinani, dawa haimfikii tena. Ukiitia wakati huo unapoteza pesa.

Jinsi ya kutumia

• Vaa glavu. Tia kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, katika faneli pekee.
• Usiikoroge kwa maji, wala usiimwage ovyo chini.
• Usimpe ng'ombe mahindi uliyopunguza shambani kabla siku zilizotajwa kwenye lebo hazijaisha. Sumu iliyo kwenye jani yaweza kufika kwenye maziwa.
• Fukia chembe zilizomwagika. Kuku na ndege huzidhania nafaka.
• Usiihifadhi jikoni wala kwenye mkebe wa chakula.

Chembechembe si salama kwa sababu tu hazirushwi hewani. Furadan, dawa ya chembechembe iliyowahi kutumika sana nchini, ilitumiwa vibaya kama chambo cha kuua simba na ndege. Mwaka 2009 watengenezaji wake waliamua kuiondoa katika soko la Kenya.

Nunua dawa kwenye duka lenye leseni, katika pakiti iliyofungwa yenye nambari ya usajili ya PCPB. Usikubali kupimiwa kwenye karatasi, kwani hutapata lebo.

Baada ya kuvuna, walishe mifugo mabua au yatie kwenye mboji. Funza hulala humo kungoja mvua ijayo, na mabua yaliyoachwa shambani ndiyo mbegu ya funza wa mwakani.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.