Mafunzo ya Mashine: Kubadilisha Gasketi ya Kifuniko cha Vali

Bwana Mkulima, na wewe Bibi Mkulima, somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo ni dogo kwa macho, lakini likipuuzwa laweza kukupotezea msimu mzima. Nalo ni oili inayovuja juu ya injini ya trekta.

Mara nyingi mwenye trekta huona ubavu wa injini umelowa na umeshika vumbi, naye husema, "Hii ni jasho tu." Si jasho. Ni oili, na oili ndiyo uhai wa injini. Ikipungua sana, chuma husuguana na chuma, hupata moto, kisha injini hukwama. Ikikwama wakati mvua ndefu zimekwisha anza, jirani atapanda nawe utakuwa ukitafuta fedha za kutengeneza injini. Mkopo wa shamba haungoji.

Tufanye hesabu. Tuseme oili inadondoka tone 1 kila sekunde 2. Kwa dakika 1 ni matone 30. Kwa saa 1 ni matone 1,800. Na kwa siku ya kazi ya saa 8 ni matone 14,400. Tukikadiria kwamba matone 30 hufanya mililita 1, basi siku hiyo umepoteza mililita 480, yaani karibu nusu lita. Kwa siku 6 ni karibu lita 3. Injini ya Perkins ya silinda 3, iliyotiwa katika trekta nyingi za Massey Ferguson 135, huchukua lita 6 au 7 tu. Utaona basi kwamba juma moja la kulima bila kupima oili latosha kuleta hasara kubwa. Tena oili ikiangukia bomba la moshi lenye moto, na hapo pana majani makavu, moto waweza kuwaka.

GASKETI NI NINI, NA KWA NINI HUHARIBIKA

Juu kabisa ya injini pana kifuniko cha bati au chuma. Chini yake mna vali na vyuma vinavyozisukuma, na oili hurushwa humo wakati wote injini ifanyapo kazi. Mafundi wengi hukiita tapeti kava. Kati ya kifuniko na injini huwekwa gasketi, ambayo ni utepe wa mpira au wa kitu laini kama vizibo vya chupa. Kazi yake ni kuziba nafasi ili oili isitoke.

Gasketi huharibika kwa sababu tatu. Kwanza, joto la miaka mingi huikausha ikawa ngumu na kupasuka. Pili, mtu hukaza nati kwa nguvu mno, kifuniko kikapinda na gasketi ikabanwa hadi kukatika. Tatu, tundu la kupumulia la injini huziba kwa uchafu. Hewa ikikosa njia husukuma oili nje.

HAKIKISHA KWANZA

Usinunue gasketi kabla ya kujua oili inatoka wapi. Osha ubavu wa injini kwa brashi na maji ya sabuni, wakati injini ni baridi, kisha ukaushe. Washa injini kwa dakika 10, ukakaribie na kutazama bila kugusa feni wala ukanda wake. Oili hutiririka kwenda chini, kwa hiyo mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye kosa. Kama ni ukingo wa kifuniko, somo hili lakufaa. Kama ni chini zaidi, au kwenye kibomba cha oili, basi kosa ni jingine.

VITU VYA KUTAYARISHA

Gasketi mpya ya aina ya injini yako (andika namba ya injini uende nayo dukani), spana zinazoenea nati zako, brashi, kisu butu au kipande cha mti kilichochongwa, vitambaa safi, mafuta ya taa kidogo, na sinia au debe la kuwekea nati.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha trekta mahali tambarare, funga breki, toa ufunguo. Ngoja injini ipoe kabisa. Fungua waya wa betri, ukianza na ule wa alama ya kutoa.

2. Safisha sana kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua. Mchanga ukianguka ndani, utasaga vyuma.

3. Ondoa vile vinavyozuia njia. Katika trekta nyingi nafasi ni ndogo, maana tangi la dizeli liko juu ya injini. Ukilazimika kufungua kibomba cha dizeli, funga mlango wa tangi kwanza, na kuziba ncha za kibomba kwa kitambaa safi.

4. Fungua nati kidogo kidogo, zote kwa zamu. Ziweke katika sinia pamoja na washa zake. Kifuniko kikishikamana, kigonge polepole ubavuni kwa kipande cha mti. Usichomeke bisibisi kukibandua, maana utakwaruza mahali pa kukalia gasketi, na patavuja daima.

5. Funika vali kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Kwangua gasketi ya zamani pande zote mbili mpaka chuma kiwe safi, kisha upanguse kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo.

6. Kilaze kifuniko juu ya ubao ulionyooka. Kama ukingo umepinda kwenye matundu ya nati, unyooshe kwa kugonga polepole juu ya ubao. Wengi huruka hatua hii, na gasketi yao mpya huvuja siku ya pili.

7. Safisha tundu la kupumulia na bomba lake.

8. Linganisha gasketi mpya na ya zamani. Ibandike katika kifuniko kwa grisi kidogo sana ili isiteleze. Usiijaze gundi ya silikoni kwa kudhani itaziba vizuri zaidi. Gundi ikizidi hukatika, huanguka ndani, na yaweza kuziba chujio la pampu ya oili.

9. Toa vitambaa na uvihesabu tena. Rudisha kifuniko. Kaza nati zote kwa vidole kwanza, kisha kwa spana fupi, ukianza katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu. Nguvu ya kiganja yatosha. Kama kitabu cha mashine kinataja kipimo, kifuate.

10. Rudisha vyote, pima oili na kuongeza ikipungua. Washa injini kwa dakika 15 na kutazama. Kama gasketi ni ya ile aina ya vizibo, ngoja injini ipoe, kisha uguse nati tena kwa spana.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Kama moshi mwingi unatoka kwa nguvu kwenye tundu la kupumulia, huenda ringi za pistoni zimechakaa, na gasketi mpya haitadumu. Kama oili ya kijiti cha kupimia ina rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, maji yanaingia katika oili, usiiwashe injini. Lakini utando mdogo mweupe chini ya kifuniko, penye baridi kama Kinangop, mara nyingi ni umande wa asubuhi tu.

OILI CHAFU

Usiimwage mtaroni wala mtoni, kwa kuwa ng'ombe wako na wa jirani wanakunywa huko. Iweke katika debe lenye kifuniko, uipeleke gereji inayokusanya. Osha mikono kwa sabuni, maana oili iliyotumika huidhuru ngozi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunatafuta mahali pa juu kabisa palipolowa?
2. Kukaza nati mno kunaleta hasara gani?
3. Oili ikidondoka tone 1 kila sekunde, utapoteza kiasi gani kwa siku ya saa 8?
4. Leo asubuhi umepima oili ya trekta yako? Kama hukupima, anza na hilo.