Likizo ya Pwani ya Moroko: Namna ya Kupumzika Bila Kuugua

Aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja akisikia likizo ya ufukweni hupakia kikoi, kandambili na miwani ya jua, akafunga begi. Kwa Moroko mzigo huo haujatimia. Pwani yake ya Atlantiki ina jua la Afrika, lakini maji ni ya baridi, upepo haupumziki, na mawimbi yanafika ufukweni kwa nguvu zake zote kwa kuwa hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja huko nje. Mgeni anayeiendea bahari hiyo kwa mazoea ya Bahari ya Hindi huishia na mafua, ngozi iliyoungua au jambo baya zaidi.

Mbinu kubwa ni moja: ipange siku kwa kufuata upepo. Asubuhi ni ya bahari, adhuhuri ni ya kula na kujinyoosha kivulini, alasiri ni ya mji, na jioni ni ya hamamu. Mengine yote yanatoka hapo.

Chagua pwani kabla ya hoteli

Moroko ina pwani mbili, na tabia zake hazifanani. Kaskazini ni Mediterania, yenye miji kama Al Hoceima na Saïdia. Huko maji hupata joto la kuridhisha wakati wa kiangazi na mawimbi huwa madogo. Saïdia ina mchanga wa kilomita 14 hivi. Kasoro yake ni msongamano: Julai na Agosti familia za Moroko, pamoja na ndugu zao wanaoishi Ulaya, hurudi pwani kwa wingi, na bei hupanda.

Magharibi ni Atlantiki. Hapo unapita mkondo baridi wa Canary, na upepo unapoyasukuma maji ya juu kutoka ufukweni, maji ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana karibu na Essaouira hata mwezi wa Agosti bahari huwa na nyuzi joto 20 hivi, wakati sisi tumezoea 25 na zaidi. Maji hayo ya kilindini hubeba chakula cha samaki, na ndiyo yaliyoifanya Moroko kuwa taifa kubwa la sardini.

Ukisafiri na watoto au wazee, Agadir inafaa: ufukwe wake una kilomita 10 hivi, umejikunja kwenye ghuba, na upepo wake ni mpole kuliko wa Essaouira. Oualidia ina wangwa uliotengwa na bahari kuu, na ndani yake maji hutulia. Essaouira ni ya anayependa kutembea, kula samaki na kutazama wanaocheza na upepo. Taghazout, kaskazini ya Agadir, ni ya wanaoteleza juu ya mawimbi, hasa majira ya baridi.

Kama miezi iko mikononi mwako, chagua Mei na Juni au Septemba na Oktoba. Jua linatosha, watu si wengi, na joto la nchi kavu halijawa kali au limeshapungua.

Usidanganywe na ubaridi wa upepo

Kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, upepo wa alizé huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na Essaouira huupata kwa ukali wake wote. Kwa kawaida asubuhi huanza polepole, mchana ukachacha, na alasiri mchanga ukaanza kupiga miguu. Kwa hiyo shuka ufukweni mapema na uwe umeondoka kabla ya saa nane mchana. Anayetoka Afrika Mashariki ana bahati hapa: saa za Moroko ziko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo siku za mwanzo utaamka alfajiri bila kengele. Usilazimishe usingizi, amka ukatembee.

Upepo huo hukuficha jua. Huhisi joto, hutoki jasho, nawe huku unaungua. Ukungu wa asubuhi, ambao ni wa kawaida kiangazi kwenye pwani ya Atlantiki, hufanya vivyo hivyo, kwani miale hupenya. Ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa hukawia kuonyesha. Paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, rudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Beba sweta na koti jepesi la kuzuia upepo hata kama ni Julai. Kanga mbili zitakufaa kuliko taulo moja: moja ya kulalia, nyingine ya kujifunga kichwa mchanga unapopeperuka.

Kisha upo upepo wa pili, chergui, unaotoka jangwani. Ukivuma, hali hubadilika ghafla: hewa hukauka na joto hupanda kupita kiasi. Tarehe 11 Agosti 2023 Agadir ilifikia nyuzi joto 50.4, mara ya kwanza Moroko kuandikisha zaidi ya nyuzi 50. Siku kama hiyo usishindane nayo. Funga madirisha na mapazia asubuhi, kunywa maji kabla ya kiu, kaa ndani hadi jua litue, na umwangalie kwa karibu mtoto mchanga na mzee. Mtu akianza kuchanganyikiwa maneno au kuzimia kwa joto, mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji, mpepee, na uite gari la wagonjwa.

Isome bahari kabla ya kuiingia

Simama mchangani dakika kumi utazame. Pale ambapo mawimbi yanavunjika kulia na kushoto lakini katikati pametulia, maji yana rangi nzito na povu linaelekea nje, ujue hapo ndipo mkondo unapotokea kurudi baharini. Panaonekana pazuri pa kuogelea kumbe ndipo pabaya kuliko pote. Ukishikwa na mkondo huo usipambane kurejea moja kwa moja, nguvu zitakwisha. Elea, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye njia yake, ndipo ugeukie nchi kavu.

Fukwe kubwa za mijini huwa na waokoaji majira ya kiangazi. Bendera ya kijani ni ruhusa, ya manjano au rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni katazo. Ogelea mbele ya kituo chao, hata kama pengine panavutia zaidi. Nje ya msimu, au kwenye ufukwe usio na mtu, maji yakufike magotini, yatosha.

Baridi nayo ina namna yake ya kudhuru. Mwili ukitumbukia ghafla pumzi hukatika na moyo hudunda mbio. Ingia kidogo kidogo, jimwagie maji kifuani na shingoni, ngoja pumzi itulie. Mwenye maradhi ya moyo au presha asijirushe, na mtoto akianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi, mtoe mara moja. Ukitaka kukaa majini muda mrefu, kodi suti ya mpira kwa wanaofundisha kuteleza juu ya mawimbi.

Pia jua saa za maji kujaa na kupwa, kama mvuvi wa kwetu anavyojua bamvua. Kwenye fukwe zilizo chini ya majabali, maji yakijaa njia ya kurudi hupotea. Usiketi chini ya jabali lenyewe. Legzira, karibu na Sidi Ifni, ilikuwa na matao mawili mashuhuri ya mawe. Moja liliporomoka mwaka 2016.

Kula vizuri, kunywa kwa akili

Chakula cha pwani hii ni chepesi na chenye afya: sardini wa kuchoma, mchuzi wa harira wa dengu na nyanya, tajini ya samaki na mboga, machungwa, zeituni, na kuskusi ambayo desturi yake ni Ijumaa. Penye wachomaji samaki karibu na bandari, chagua banda lenye wenyeji wengi, tazama macho na matamvua ya samaki, kubaliana bei baada ya kupimwa na kabla hajawekwa motoni. Chaza wa Oualidia wana sifa, lakini kuwala wabichi ni bahati nasibu kwa mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na mwenye kinga dhaifu. Hao wawale wakiwa wamepikwa.

Maji ya bomba ya miji mikubwa husafishwa, ila tumbo la mgeni halijayazoea. Nunua ya chupa, kama Sidi Ali au Aïn Saïss, na uhakikishe kizibo hakijafunguliwa. Juisi ya machungwa inayokamuliwa mbele yako ni salama zaidi ikiwa haikuongezwa maji wala barafu, na bilauri imeoshwa vizuri. Kwa kuwa mkate huliwa kwa mkono na ndio unaotumika badala ya kijiko, nawa kila mara.

Tumbo likichafuka, dawa ya kwanza ni maji na chumvi zilizopotea. Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani. Ukikosa, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji salama, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu, homa kali au huwezi kuzuia maji tumboni, nenda kwa daktari.

Kuhusu chai ya mnanaa: utapewa kila mlango uingiao, na kukataa kabisa si adabu nzuri. Lakini sukari hutiwa ndani ya birika, si kwenye bilauri, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema, kabla haijapikwa: "bla sukkar, afak", yaani bila sukari, tafadhali. Na kwa kuwa chini ya mnanaa huo kuna majani ya chai ya kijani, bilauri tatu usiku zitakunyima usingizi.

Hamamu ni dawa, kwa kipimo chake

Wazanzibari wanaijua Hamamni ya Mji Mkongwe kama jengo la kutazama. Moroko hamamu bado ni maisha ya kila juma, na wanaume na wanawake wana saa au milango tofauti. Chukua ndoo, malapa, taulo na nguo ya ndani ya kubadilisha. Utajipaka sabuni nyeusi ya zeituni, utakaa kwenye mvuke ngozi ilainike, kisha utasuguliwa kwa glavu ngumu iitwayo kessa mpaka nongo ikatike.

Nenda jioni, usiende asubuhi. Ngozi iliyosuguliwa ikipigwa na jua huungua upesi, na ngozi iliyokwisha kuungua haistahimili kusuguliwa. Usiingie ukiwa umeshiba sana. Dakika chache katika chumba cha joto zaidi zinatosha. Ukisikia kizunguzungu toka, ukae, unywe maji. Mjamzito na mwenye presha au moyo wamuulize daktari wao kabla ya safari. Baadaye paka mafuta ya argan kwa sababu upepo hukausha ngozi; ya kupaka hukamuliwa kutoka kokwa zisizokaangwa, ya kula kutoka zilizokaangwa.

Homa, paka na namba za simu

Moroko ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2010. Hapo ndipo msafiri wa Afrika Mashariki anapopaswa kuwa macho. Ukipata homa siku chache baada ya kufika, huenda umekuja na malaria kutoka nyumbani, na daktari wa huko anaweza asiifikirie. Mwambie bila kuulizwa: ninatoka nchi yenye malaria, naomba nipimwe. Wasomaji walioko Ulaya waliopita nyumbani hivi karibuni, nanyi neno hili ni lenu.

Paka wamejaa bandarini Essaouira, na mbwa wa mitaani wapo pia. Kichaa cha mbwa kipo nchini humo. Usiwashike, na uwakataze watoto. Ukiumwa au kuparuzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha fuata chanjo siku hiyo hiyo bila kungoja dalili.

Famasia hutambulika kwa alama ya kijani, na usiku huwapo ya zamu. Namba za kuandika kwenye karatasi: 15 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 19 kwa polisi wa mjini, 177 kwa askari wa nje ya miji. Dawa zako za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Bima ya safari ilipiwe kabla ya kuondoka.

Utulivu wa moyo nao ni afya

Usipange miji mitano kwa juma moja, miwili inatosha. Ukinunua sokoni, amua moyoni bei yako, itaje kwa tabasamu, na ukikosa ondoka kwa salamu. Anayejitolea kukuongoza bila kuombwa mwambie "la, shukran" mara moja, uendelee kutembea. Kwenye teksi, uliza mita au nauli kabla gari halijaondoka. Ukiletewa kif, yaani bangi, kataa: sheria ya mwaka 2021 iliruhusu ya tiba na viwanda tu, ya starehe bado ni kosa. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Mjini jisitiri kama ungefanya Lamu.

Ukienda Ramadhani, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, migahawa mingi hufungwa mchana, na mji huamka baada ya futari. Kwa anayetafuta kimya ufukweni, huo ni msimu mzuri, mradi asile hadharani.

Basi kabla hujakata tiketi, kaa na daktari wako, kagua dawa na bima, kisha uingize sweta ndani ya begi. Na ukifika, usiingie baharini siku ya kwanza bila kumuuliza mwenyeji wa ufukwe huo maji yanakwendaje.