Mti mgonjwa uani mwa msikiti: Ukatwe au uachwe?

Katika misikiti mingi ya mijini, mti uliopo uani una umri mkubwa kuliko jengo lenyewe. Unaweza kuwa mwembe, mwarobaini, mkungu au mkwaju. Chini yake watoto wa madrasa wanasoma, wazee wanasubiri Alasiri, na siku ya Ijumaa waliokosa nafasi ndani wanatandika mikeka hapo hapo. Kisha mtu anaona uyoga umeota shinani, au tawi kubwa limekauka, na kamati inagawanyika. Hawa wanasema ukatwe kesho. Wale wanasema mti ulipandwa na marehemu fulani, ni sadaka yake yenye kuendelea, asiuguse mtu. Kila upande una hoja ya dini mkononi.

Wanaoutetea mti wanategemea mafundisho mashuhuri kwamba mwenye kupanda, kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka katika mti wake huandikiwa sadaka. Ipo pia katika Sunan ya Abu Daud hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Lakini Abu Daud mwenyewe alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa anayekusudiwa ni anayekata mkunazi wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, akaukata kwa dhulma na bila ya haki. Sharti hilo lisirukwe. Upande wa pili, Imamu Muslim amepokea habari ya mtu aliyeonekana akistarehe Peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, mti uliokuwa ukiwaudhi watu. Kwa hiyo kukata kunaweza kuwa dhulma na kunaweza kuwa jambo la thawabu. Kinachotenganisha ni madhara, na madhara hayathibitishwi kwa hisia za mjumbe wa kamati.

Hakuna miti iliyowekewa ulinzi mkubwa katika sheria yetu kuliko ile ya Haram ya Makka. Katika madhehebu ya Shafi, anayekata mti mkubwa wa Haram hutoa fidia ya ng'ombe, na mdogo fidia ya mbuzi au kondoo. Pamoja na uzito huo, mafakihi waliruhusu kukata mti uliokwisha kufa na kukauka, na wengi miongoni mwa Mashafi wakaruhusu kuondoa miba yenye kuudhi. Angalia walivyochagua maneno: uliokufa, wenye kuudhi. Mti mgonjwa hauingii moja kwa moja katika lolote kati ya hayo mawili.

Ajabu ni kwamba sheria za kisasa za nchi nyingine zimefika mahali panapofanana na hapo. Uingereza mti unaweza kuwekewa amri ya kuhifadhiwa, na anayeukata bila kibali anashitakiwa. Zamani mti unaokufa nao uliondolewa katika ulinzi huo. Kanuni za mwaka 2012 zikabana: sasa ni mti uliokwisha kufa, au ule unaohitaji kazi ya haraka kuondoa hatari iliyo karibu ya madhara makubwa, na kwa kawaida mwenye mti anapaswa kuitaarifu halmashauri siku 5 za kazi kabla. Kuugua peke yake si ruhusa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda aina fulani za miti hata ikiwa nje ya msitu wa hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali. Manispaa nazo zina sheria ndogo zao, ambazo hazifanani. Mti ulio ukingoni mwa barabara mara nyingi umo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo si wa msikiti hata kama ni waumini wanaoumwagilia maji. Na matawi yakigusa nyaya za umeme, asipande mtu kabla ya TANESCO kuitwa. Kamati imuone afisa misitu wa wilaya au ofisi ya mazingira ya manispaa kwa barua, na ibaki na nakala. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini nakala hiyo ina thamani.

Sasa, mti unapimwaje? Tuanze na umbile lake. Sehemu iliyo hai ya shina ni ya nje, chini ya gome. Mti wa ndani, katikati, kwa sehemu kubwa umekwisha kufa na kazi yake ni kubeba uzito. Kuvu hula hapo. Ndiyo maana mti unaweza kuwa na majani mabichi, ukazaa maembe mwaka huu, na huku ndani umeoza. Kinyume chake, uwazi ndani ya shina hauna maana kwamba mti utaanguka. Bomba nalo lina uwazi na ni imara. Wataalamu wengi hutumia kipimo cha kukadiria: ukuta mzima uliobaki ukiwa chini ya theluthi moja ya kipimo kutoka katikati ya shina hadi nje, wasiwasi unaanza. Hicho nacho ni kipimo cha kuanzia tu, kwa sababu mti wenye ufa, au wenye kichwa kizito kinachoshika upepo, unaweza kuvunjika kabla ya kufika hapo.

Fundi hugonga shina kwa nyundo ya mti akisikiliza sauti. Kamati inaweza kuangalia mambo mengine bila chombo chochote. Uyoga mgumu kama kibao unaoota shinani au juu ya mizizi ni dalili nzito kuliko madoa ya majani, ambayo watu huyakimbilia kwa sababu yanaonekana. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina baada ya mvua ni dalili nzito zaidi. Mti uliokua umeinama tangu mdogo kwa kawaida umejijenga kwa hali hiyo. Wa kuogopwa ni ule ulioinama mwaka huu. Na ulizeni historia ya ua: je, mizizi ilikatwa wakati wa kuchimba msingi wa vyoo au sehemu ya kutawadhia? Je, ua ulimwagwa zege hadi shinani? Mara nyingi ugonjwa wa mti ulianza siku ile ya ujenzi, na sisi tunamlaumu mchwa, ambaye kwa kawaida amefuata tu mti uliokwisha kufa.

Baada ya hapo huja swali ambalo watu hulisahau: ukianguka, utampiga nani? Mti ule ule ulioko makaburini pasipopita watu si sawa na ulioko juu ya watoto 60 wa madrasa. Pengine hatua ya kwanza si shoka. Pengine ni kuhamisha mabenchi, kuzungushia kamba, na kupunguza matawi mazito kwa mkono wa anayejua. Kuufyeka mti kichwa chote, kama inavyopendwa mijini mwetu, huacha vidonda vikubwa vinavyoingiza kuvu wapya, na machipukizi yanayofuata hushika kwa udhaifu.

Na ukiua mtu? Mafakihi walilijadili hili katika mlango wa ukuta ulioinama. Kwa Mahanafi, ukuta uliojengwa wima kisha ukainama, mwenye nao hudhamini iwapo alionywa mbele ya mashahidi, akapata muda wa kuubomoa, akapuuza. Kauli hiyo iliingia katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya, kifungu cha 928. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa hadhamini kwa sababu haukuinama kwa kitendo chake. Lakini ipo kauli ya pili inayomdhaminisha aliyekuwa na uwezo wa kuurekebisha akaacha. Kwa maoni yangu kamati ya leo, yenye simu na yenye ofisi ya manispaa karibu, haina pa kujificha nyuma ya kauli ya kwanza.

Mahakama za Uingereza zimetoa mizani inayosaidia. Mwaka 2007 tawi liliangukia watoto katika bustani ya Felbrigg Hall na mtoto mmoja akafa. Mwaka 2011 wenye bustani walionekana hawana hatia ya uzembe, kwani wakaguzi wao walifanya kazi yao kwa uangalifu wa kawaida. Lakini mti ulioangukia basi barabarani mwaka 2012, uliokuwa wa halmashauri ya Witley, ulikuwa umeoza mizizi na ulikuwa ukikaguliwa kila baada ya miaka 3. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kwa mti mkubwa kando ya barabara yenye magari, muda huo ni mrefu mno. Ilitakiwa kila miaka 2.

Kisiwani Madeira, Agosti 2017, mti mkubwa uliangukia umati kwenye sikukuu ya Wakristo karibu na kanisa. Watu 13 walikufa. Mabishano yakaibuka kuhusu ardhi ile: ya kanisa au ya halmashauri? Kwa hiyo kamati iamue mapema mti ni wa nani, iandike tarehe ya kila ukaguzi, na ihifadhi ile nakala ya barua.

Ikithibitika kuwa lazima ukatwe, na kiwanja ni wakfu, mbao si za fundi wala za mwenyekiti. Mashafi wanasema wakfu hauondoki kwa mti kukauka. Gogo lake linaendelea kunufaisha wakfu ule ule, na wapo wanaosema liuzwe. Mabenchi ya madrasa yanaweza kutoka humo, kwa sehemu isiyooza. Mche mpya upandwe mbali na kisiki, maana kuvu aliyeua mti wa kwanza anaweza kubaki katika mizizi yake kwa miaka.